Walidhani Ninasali

Kama umeambiwa una malale, ule ugonjwa wa usingizi, na umeshika karatasi hizi, usizisome mwenyewe. Mpe mtu akusomee. Mimi nilipokuwa katika hali yako nilikuwa nasoma mstari, nalala, naamka, nausoma tena ule ule, na kila mara ulikuwa mpya. Muhula mzima nilikuwa kwenye ukurasa mmoja wa kitabu cha siasa. Mwalimu alidhani nalipenda sana somo lake.

Naitwa Gaudensi. Tunakaa Majengo, hapa Mpanda, na ninasoma darasa la saba kwa mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza sikuwepo ingawa mwili wangu ulikuwa unahudhuria. Sista wa wodi ya malale ndiye aliyenituma niandike. Alisema, "Mdomo huo, badala ya kunisumbua nao mimi, waandikie wenzako wanaokuja." Basi naandika. Wadudu wanafanya nini ndani ya damu sijui, muulize daktari. Mimi nitasema yale ambayo hakuna aliyeniambia. Na katika hayo kuna moja linanichanganya mpaka leo: ule ugonjwa, kabla haujajulikana, ulinifanya mtakatifu.

Msicheke. Ngoja nieleze.

Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa kupigwa. Kwenye mafundisho ya kipaimara, katekista Anzelmi aliuliza Mungu yuko wapi, wenzangu wote wakaimba kwamba yuko kila mahali. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hata Kaliua yuko?" Akasema hata Kaliua. Nikasema, "Basi amsalimie baba, mwezi huu hajaja." Baba yangu anafanya kazi reli kule Kaliua. Nilichapwa kwa ajili ya Kaliua, nikachapwa tena kwa sababu wenzangu hawakuacha kucheka.

Mama hakucheka kamwe. Kabla yangu alizaa watoto wawili, wote wakafa wachanga, na nilipozaliwa mimi alimwahidi Mungu kwamba huyu akiishi atakuwa wake, atakwenda seminari, atakuwa padri. Nikaishi. Lakini nilivyoishi haikuwa kama alivyoagiza. Kila nikirudi nyumbani na alama za fimbo alikuwa ananitazama kama mtu aliyeahidi ng'ombe halafu ng'ombe mwenyewe akageuka fisi.

Aliyekuwa upande wangu ni Bibi, mama yake baba. Ni Mkonongo wa Ugalla, anavuta ugoro hata kwenye uwanja wa kanisa, na kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Utani huo hauna likizo. Nikiingia tu mlangoni, "Mume wangu, leo umeniletea nini?" Nami namjibu, "Nimekuletea muwa, ila nimekumbuka huna meno, nimeula njiani." Basi anacheka mpaka ugoro unamwagika. Kumnyima Bibi jibu ni kama kumpita bila salamu.

Likizo ya kiangazi nilikwenda Ugalla na baba mdogo kurina asali. Ndorobo, wale ambao wengine wanawaita mbung'o, walikuwa wengi kuliko nyuki. Ndorobo hana adabu ya mbu, haji kwa kuimba. Anakuchoma kama sindano kupitia shati. Mmoja alinichoma nyuma ya shingo, pakavimba jipu gumu, baba mdogo akanipaka asali, mimi nikailamba kidole kwa kidole. Jipu likaisha. Tuliporudi mjini nikapata homa, nikameza klorokwini, homa ikawa inakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua anataka nini.

Halafu mvua zikaanza, na mimi nikaanza kunyamaza.

Sikia namna inavyokuwa, maana nawe huenda iko hivyo. Neno la kuchekesha lilikuwa linakuja kama zamani, linafika mpaka karibu na meno, linageuka linarudi. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na kitu. Kichwa kilikuwa kinaniuma kwa nyuma, mwili unawasha chini ya ngozi mahali ambapo kucha hazifiki, na ugali ulikuwa na ladha ya ukuta. Usiku nakaa macho kama bundi, mchana macho yanafunga yenyewe. Uso ukavimba kidogo, nikawa naonekana mnene na mpole.

Ilikuwa Majilio, zile wiki za kungoja Noeli. Nikikataa chakula, Mama anawaambia majirani kwa sauti ya chini, "Anafunga." Maneno, rafiki yangu, akaniomba kwa mzaha ile suruali ya bugaluu aliyoninunulia baba Tabora, suruali ambayo zamani ungeigusa tu ningekung'oa sikio. Nikaivua palepale nikampa, nikaenda nyumbani na kaptura ya shule. Jumapili yake katekista Anzelmi akaisimulia kwa watu wote kuwa mfano wa mwenye nguo mbili kumpa asiye nayo. Sikuwa na mbili. Lakini kusema hivyo kungehitaji nifungue mdomo.

Mvulana mmoja akanipiga kofi la uchokozi, nikamtazama tu. Ati nimegeuza shavu la pili. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado natafuta la kwanza liko upande gani.

Na ile kubwa kuliko zote: baada ya Komunyo nilikuwa napiga magoti, nainamisha kichwa juu ya benchi, na siinuki. Misa inaisha, watu wanatoka, mimi bado. Akina mama wanapita wananigusa begani wapate baraka. Katekista anawaambia watoto, "Nyie mnaona? Hivyo ndivyo mtu anavyoishi maisha ya kumpendeza Mungu. Siyo Jumapili tu, huyu kila siku yuko hivi." Ilikuwa kweli. Kila siku nilikuwa hivyo. Shuleni nilichapwa kwa kusinzia, kanisani nikasifiwa kwa kusinzia kulekule. Mwalimu mmoja wa shule alikuwa pia mwimbaji wa kwaya, sijui yeye alikuwa anafikiri nini.

Mama akawa mtu mwingine. Akawa anaimba akitwanga. Alinikatia nyama kubwa, sikuila, akaifunika kwa heshima kama kitu cha altare. Alikwenda kwa Baba Paroko kuniombea nafasi ya seminari, akarudi anatabasamu peke yake njiani. Nilimwona, na katika ule ukungu wangu nilijua jambo moja tu kwa hakika, kwamba mama yangu ana furaha na sababu ni mimi. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

Bibi ndiye hakuridhika. "Mume wangu, leo umeniletea nini?" Kimya. Akajaribu tena, "Naona umepata mke mwingine, mwenye meno." Kimya. Akanitukania ukoo wa mama, akanitukania masikio, akanitukania namna ninavyotembea. Nikampita kwenda kulala.

"Mwanao anaumwa," akamwambia Mama.

"Ameongoka, Mama."

"Mtu aliyeongoka hamjibu bibi yake?"

"Ameacha upuuzi."

"Mimi ndiye upuuzi?"

Wakakaa siku nyingi bila kuongea vizuri, wanapikia jiko moja kila mmoja na sufuria yake. Bibi alikuwa na uhakika nina minyoo. Akanichemshia mizizi fulani iliyonikimbiza chooni mpaka nikawa nalala huko huko. Hakupatia ugonjwa, lakini angalau alikuwa ametambua kwamba upo.

Mambo yakaharibika siku ya Noeli, kwenye Misa ya mchana. Nilipanga foleni ya Komunyo, nikapiga magoti, nikafungua mdomo, nikatoa ulimi. Baba Paroko, Mfipa mrefu mwenye kikohozi, akaniwekea. Na mimi nikabaki hivyo. Nilikuwa nimelala, mdomo wazi, Hostia juu ya ulimi. Nyuma yangu foleni imesimama, kwaya imerudia wimbo.

Nakumbuka sauti yake ikija kutoka mbali, ya chini kabisa. "Gaudensi. Meza." Halafu tena. "Gaudensi, mwanangu, funga mdomo, meza." Nikameza. Nilipofungua macho alikuwa ameinama ananitazama vivimbe vya shingoni na uso, siyo kama padri, kama mtu anayetazama mtoto wake.

Kesho yake akatupakia mimi na Mama kwenye Landrova ya parokia, kwenye matope ya mvua, mpaka hospitali ya misheni.

Nikuambie kuhusu benchi. Kwenye kila hospitali watu wanagombania nafasi, nani kafika kwanza, nani kamruka nani. Kwenye benchi la malale hakuna ugomvi. Wagonjwa wote wamelala, waliowaleta ndio wamekaa macho, wanatazamana kwa aibu. Mama mmoja alikuwa na kuku kwapani, na kuku pia alikuwa amesinzia. Mama yangu akasogea mbali na yule kuku.

Daktari msaidizi alinipapasa shingo, akanichoma kidole, akatazama damu kwenye darubini muda mrefu. Halafu wakanikunja ubavuni kama kambare mkavu, magoti kwenye kidevu, wakanichoma mgongoni kutoa maji. Hapo usijaribu kuwa shujaa. Lia tu, wamezoea. Baada ya hapo lala chali kama walivyokuambia, usiinuke kwenda kuangalia nani anapita, mimi niliinuka na kichwa kikanigonga siku mbili.

Daktari akamwambia Mama ni malale, na kwamba yamefika kichwani. Akaeleza ndorobo anavyoyaleta, akaeleza usingizi, kutokula, kunyamaza, kutojali vitu. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo zile sala," akasema. "Zile sala zote zilikuwa ndorobo?"

Daktari alimtazama, akatazama faili, hakuona pa kuandika hilo.

Kwanza walinipa dawa ya kusafisha damu. Homa ikashuka, mwasho ukapungua, mkojo ukawa na povu. Halafu wakaja na ile ambayo wodi nzima inaiita dawa ya moto. Inakuja kwenye bomba la kioo, wanaipitisha polepole kwenye mshipa wa mkono, na unaifuatilia mwenyewe inavyopanda: kiwiko, kwapa, kifua, halafu koo. Wanakuchoma siku kadhaa mfululizo, wanakupumzisha, wanarudi. Hivyo ndivyo nilivyohesabu Kwaresima, kwa moto na kupumzika. Mshipa wa mkono wa kulia ukawa mgumu kama kamba, wakahamia wa kushoto. Nyayo zikachubuka. Mikono ilitetemeka nikishika kikombe. Nikakonda, ule unene wa upole ukaisha wote nikabaki masikio.

Na wala hawakutuficha. Dawa hiyo inaponya, lakini wapo inaowaondoa. Sista alisema wazi, kwa sababu Mama aliuliza wazi.

Lakini kuna asubuhi moja, baada ya moto wa kwanza, niliamka nikajua ni asubuhi. Siwezi kukueleza vizuri. Jogoo aliwika na mimi nikasema moyoni, huyu jogoo ana sauti mbaya kama ya katekista Anzelmi. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza tangu mvua zianze neno kufika lote.

Nilifumba macho nilifurahie peke yangu. Mama alikuwa sakafuni pembeni ya kitanda, kwenye mkeka wake, anasali rozari. Alidhani nimelala. Mara hiyo moja sikuwa nimelala.

"Umponye, Bwana," akasema. "Umponye. Lakini usimrudishe alivyokuwa."

Basi nikalala pale na macho yamefumbwa na sikuweza kuyafumbua. Nilikuwa sielewi. Kama Mungu alimpenda yule aliyenyamaza, na yule alikuwa ugonjwa, basi ananiponya ili apate nini? Na kama alimpenda huyu mwenye kelele, mbona alimwachia mama yangu furaha miezi yote ile kwa kitu ambacho hakikuwa chochote? Nikaamua jambo la kijinga. Nitapona, lakini nitabaki kimya. Nitamwigiza mgonjwa. Mungu na Mama wagawane.

Ndivyo nilivyofanya. Mama akiwepo nilikunja mikono, nikatazama dari. Niliitika "ndiyo Mama" kwa sauti ya sakristia. Akawa anaimba tena kidogo kidogo. Bibi akaja kwa lori la tumbaku, akakaa na jamaa za wagonjwa kwenye majiko ya nje wanakopikia. Akaingia wodini na kanga imelowa, akanisogelea.

"Mume wangu. Umenitoroka umekuja kulala na hawa?"

Jibu lilikuwa tayari. Tena lilikuwa zuri. Nikamtazama Mama, nikalimeza. Bibi akasubiri. Akasubiri sana. Halafu akashika ncha ya kanga, akatoka, na dirishani nilimsikia akilia kama watu wanavyolia msibani. Kwake yeye nilikuwa nimeshakufa, kilichobaki ni kuzika. Nilikuwa nimemfurahisha mwanamke mmoja na kumzika mwingine, na yote kwa kufunga mdomo tu.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo Mzee Shija, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe zake. Jamaa zake walibaki na ng'ombe. Yeye alikuwa amezama kuliko mimi, hafungui mdomo kwa uji hata Sista ambembeleze vipi. Mama alipokwenda mtoni kufua, nilichukua kijiko.

"Mzee Shija," nikamwambia, "ng'ombe wako amekuja hapo nje. Anauliza, maziwa yote mliyonikamua, leo unakunywa maji ya mahindi?"

Mdomo ukafunguka kucheka, nikatia kijiko.

"Anasema pia anataka kukuona kitandani, mlinzi amemkatalia kwa sababu hana cheti."

Kijiko kingine. Ikawa hivyo kila Mama akiondoka. Ng'ombe yule alisafiri sana. Alipanda treni, aligombea ukatibu wa tawi, alikataliwa ubatizo kwa sababu ya pembe. Mzee Shija alicheka bila sauti, mabega tu, na bakuli likaisha. Siku moja alinishika mkono uliotetemeka, akaushikilia kijiko kisimwagike. Sista alituona mlangoni. Kesho yake akaweka bakuli upande wangu.

Nilikuwa sijui niliweke wapi jambo hilo. Mbele ya Mama nilikuwa mtakatifu wa uongo. Nyuma yake nilikuwa mpuuzi, na mzee anakula.

Moto wa pili ulimshinda Mzee Shija. Mwili ulitetemeka wote, wakavuta pazia, tukasikia viatu vya Sista vikikimbia, halafu vikitembea. Walipofungua pazia kitanda kilikuwa na blanketi limekunjwa mara nne. Bakuli la mchana lilikuja kwangu kwa mazoea, nikabaki nalo.

Mimi nilikuwa nimebakiza moto wa mwisho. Sista alipokuja na bomba la kioo nikaficha mikono yote miwili chini ya makalio.

"Sitaki."

"Gaudensi," akasema Mama.

"Sitaki. Mnataka nife kama Mzee."

"Bila hiyo yanarudi. Daktari amesema. Unataka yarudi?"

Hapo ndipo iliponitoka, na haikutoka kwa sauti ya sakristia. "Wewe ndiye unataka yarudi! Nikimaliza hii nitapona, Mama, na nikipona nitakuwa yule yule. Umeshamwambia Mungu humtaki. Nilikusikia."

Wodi yote, wale walioweza, waligeuka. Mama alikaa kwenye kitanda cha Mzee Shija, juu ya blanketi lililokunjwa, akasahau kwamba ni cha marehemu.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

Akashika rozari, akaiachia. "Nilizoea," akasema. "Watu walikuwa wananiita mama Gaudensi kwa heshima. Sikuwahi kuitwa hivyo. Wewe ulikuwa unanyauka mbele ya macho yangu, mimi naimba." Halafu akasema, "Basi Mungu asisikilize kila ninachosema."

Sista akasema bomba linapoa. Mama akainuka, nikadhani anakuja kunishika mikono. Hakuja. Alikwenda mlangoni akamwita Bibi kutoka majikoni, akamsogeza mpaka kitandani kwangu.

"Mwulize," akamwambia.

Bibi alinitazama kwa woga. "Mume wangu," akasema, sauti ndogo, "ukifa mimi nitaolewa na nani?"

Nikamtazama Mama.

"Mjibu bibi yako," Mama akasema.

"Subiri kwanza nife," nikasema. "Haraka ya nini, na hata kuposwa unaposwa kwa mkopo kwa sababu ya meno?"

Bibi alipiga kigelegele ndani ya wodi ya wagonjwa. Sista akamkemea, naye akampigia na Sista kimoja. Mama alikuwa analia na pia mdomo unamtetemeka vingine, kama mtu anayezuia kitu asichokubaliana nacho. Nikatoa mkono wa kushoto. Moto ukapanda: kiwiko, kwapa, kifua, koo. Sikufa, kama unavyoona. Wapo wanaokufa, na wewe unayesomewa hii sikuahidi kitu, ila usiukatae moto wa mwisho.

Tulirudi Majengo baada ya Pasaka, watu wanavuna mpunga. Nimekwenda tena hospitali kutolewa maji ya mgongo kuangalia kama wadudu wamekwisha, na nitakwenda tena kiangazi, na tena baada ya hapo. Wanasema ni safi. Mikono bado inatetemeka kidogo, kwa hiyo mkikuta neno lenye mwandiko mbaya siyo ujinga. Maneno amerudisha bugaluu. Imekuwa fupi, au mimi nimekuwa mrefu.

Lilibaki suala la seminari. Mama alinipeleka kwa Baba Paroko, akasema nadhiri ni nadhiri, na kwamba Mungu anaweza kutumia hata ndorobo.

"Anaweza," Baba Paroko akasema, akakohoa. "Lakini huyu alishindwa hata kumeza." Akanigeukia. "Ulipokuwa umepiga magoti muda wote ule, ulikuwa unamwambia Mungu nini?"

"Hakuna kitu, Baba."

"Na sasa?"

"Sasa namwambia mambo. Mengi ya upuuzi. Jana nilimwuliza kama Mzee Shija amepata maziwa huko au wanampa uji."

Mama alifunga macho kwa aibu.

"Baba," nikamwuliza, "ni yupi alimpendeza zaidi? Yule au mimi?"

"Sijui," akasema. Nilitegemea atafungua kitabu. Hakufungua. "Kesho kuna wagonjwa wa kupelekewa Komunyo kijiji cha Litapunga. Utanibebea mkoba. Mmoja ni mzee hataki kula. Seminari haikimbii, mwache kwanza amalize darasa la saba akiwa macho."

Mama hakufurahi, na hakukataa. Tulipokaribia nyumbani ndipo akaniambia kaptura yangu imechafuka.

Basi sasa hivi mambo yako hivi. Mama ananikalisha pembeni yake kanisani, mbali na Maneno. Nikichekesha ananifinya, hilo ni la zamani. La sasa ndilo linalonichanganya. Jumapili iliyopita baada ya Komunyo nilipiga magoti, nikainamisha kichwa. Nilikuwa na jambo la kweli la kumwambia Mungu, siyo utani. Nilikuwa nataka kumshukuru, na nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia.

Kidole kikanichoma ubavuni.

"We," Mama akanong'ona, na sauti yake ilikuwa imejaa hofu. "Upo?"

Nikainua kichwa kidogo, akaona macho yangu, akatulia. Nikainama tena, nikaanza upya. Kidole kikarudi.

"Gaudensi. Upo?"

Sasa mtu kama mimi anasali vipi? Nikinyamaza namtia mama yangu hofu, nikisema namtia aibu, na sijui kama huko juu hesabu yao ni hiyo hiyo. Nilibaki nimeinama, macho wazi nikiyatazama magoti yangu, nikamshika Mama mkono ili ajue.

"Nipo," nikasema. Nilisema kwa sauti kuliko nilivyokusudia, watu wa benchi la mbele wakageuka. Na nilipofikiri baadaye, sikuwa na hakika nilikuwa namjibu nani.